Jiwe Lililolambwa Kilabuni

Uvumilivu wangu uliisha Jumamosi, saa saba mchana, pale msimamizi wa Duara la Juu alipolilamba jiwe lililompiga mwanangu jichoni.

Jiwe nilikuwa nimelileta mwenyewe. Nilikuwa nimelifunga kwenye leso, nikalifungua mezani mbele ya mwenyekiti wa kijiji ili wote waliokaa pale kilabuni waone ukubwa wake. Lilikuwa kama yai la bata, lina ncha upande mmoja, na kwenye ncha pana doa jeusi ambalo halikuwa udongo. Nilidhani watainamisha vichwa. Msimamizi akalichukua, akaligeuzageuza, akatoa ulimi akalilamba upande mpana, kisha akalisogeza mlangoni kwenye jua. Ndivyo wanavyofanya wachimbaji wote, maana jiwe likilowa ndipo punje za dhahabu zinapoonekana. Najua alifanya kwa mazoea. Mkono ulishika jiwe na ulimi ukatoka, kama mtu anavyojikuna. Lakini mwanangu alikuwa mgongoni kwangu na bandeji jicho la kushoto, na yule bwana alikuwa anatafuta dhahabu.

"Lina kitu kidogo hili," akasema, akampa aliyekaa karibu naye.

Likazunguka. Watu watatu walililamba kabla sijawanyang'anya.

Nitaeleza tulifikaje hapo. Naandika nikiwa kwa mama yangu, kijijini Tura, na hata huku habari imenifuata. Inasimuliwa na watu ambao hawakuwepo, na kila ikisimuliwa mwendawazimu ni mimi.

Kule ni machimboni, upande wa Nzega, mbali na lami. Wazungu walichimba zamani wakaacha mashimo na msingi wa saruji wa mashine yao, ambao sasa watu wanaanikia mihogo. Kabla ya Wazungu njia ya misafara ilipita hapo kwenda Tabora, na wapagazi walilala kwenye kisima kilichopo nyuma ya kilabu. Wazee wanajivunia kisima hicho kama vile walikichimba wao. Mimi habari za misafara nilizisoma shuleni Tabora hadi kidato cha nne, na mtihani wa historia nilifaulu vizuri. Ufaulu wenyewe ndio ulionifikisha kwenye kambi ya wapagazi kupika pombe.

Nilikwenda kwa shangazi yangu, mwenye kilabu, baada ya matokeo kutoka na nyumbani kukosekana mpango mwingine. Aliniomba nimsaidie mwezi mmoja. Nikapata mume, nikapata mtoto, na mwezi ule ulikuwa haujaisha.

Tulikuwa tunapika wanzuki, pombe ya asali. Asali ilitoka Sikonge, ndoo mbilimbili juu ya baiskeli, na walioileta walifika miguu imevimba. Unaichanganya na maji ya uvuguvugu, unatia machicha ya pipa lililotangulia, unafunika kwa gunia, na siku ya tatu unasikia pipa linaongea lenyewe. Nilikuwa mpishi mzuri. Nasema hivyo bila kujisifu, kwa sababu uzuri wa pombe yangu umo ndani ya kesi hii.

Kilabu kilikuwa na mlango wa mashariki na mlango wa magharibi. Watu wa Duara la Juu waliingia kwa mashariki, wa Duara la Chini kwa magharibi, na katikati palibaki nafasi ambayo sisi wauzaji tulipita na majagi. Haikuwa amri ya mtu. Ilianza baada ya mtobozano.

Duara ni shimo la kuchimbia. Haya mawili yalikuwa mbali juu ya ardhi. Ukisimama kwenye moja ukaita, wa jingine hakusikii. Lakini chini kila kundi lilikuwa linafuata mkanda wa mwamba wenye dhahabu, na mkanda haujui mipaka ya leseni. Siku moja nyundo ya mtu wa Chini ikatoboa ukuta, ikatokea ndani ya njia ya watu wa Juu. Hiyo ndiyo wanaiita mtobozano. Kila upande ukasema mwenzake ameiba mwamba. Wakaanza kuchomeana pilipili humo ndani ili moshi uwatoe wenzao. Mmoja wa Juu alitolewa kwa kamba hajitambui. Mmoja wa Chini alivunjwa mkono kwa mtaimbo. Hayo ni ya chini ya ardhi. Juu ya ardhi walimalizia kwetu kilabuni.

Ilianza kwa maneno, na maneno mengine yalichekesha, sitasema uongo. Mtu wa Chini akiinua bakuli lake anawakaribisha wa Juu nyumbani kwake, eti mlango wameshaona ulipo. Wa Juu wanamjibu kwamba hawajawahi kuona mgeni anayebisha hodi kwa nyundo kwenye ukuta wa chumbani. Watu wanacheka mpaka wanajifuta machozi. Halafu mmoja anamtaja mama wa mwenzake, na benchi linainuka.

Mume wangu alikuwa wa Duara la Chini. Hakuwa mkorofi. Alikuwa mtu wa kufuata wenzake, na nimekuja kujua kwamba hao ndio wabaya zaidi, kwa sababu mkorofi angalau unamwona anakuja.

Sasa kuna mila. Watu wakipigana, hata wakichanana kwa panga, mwenyekiti anaita pande mbili kilabuni. Shangazi anatoa chungu kimoja cha wanzuki. Waliogombana wanakunywa kwa kata moja ya kibuyu, huyu anaanza, yule anamalizia, na tone halimwagwi. Baada ya hapo jambo limekufa. Huliongelei tena, huliendei polisi, hulisemi zahanati. Anayelitaja ndiye anakuwa mchokozi. Wazee wanasema ni mila ya wapagazi: watu wa msafara mmoja wasingeweza kutembea miezi na kinyongo moyoni na mzigo kichwani. Sawa. Lakini wapagazi walikuwa wanaondoka kesho yake. Sisi tulikuwa tunaamka palepale, milango ileile miwili.

Chungu hicho nilikipika mimi mara saba. Nilikuwa nakiongezea asali kisiwe kikali, wasije wakaanza upya. Nilijiona mwenye hekima. Mtu amevunjwa mkono, mimi nahangaika na utamu wa pombe.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi alasiri. Zamu ilikuwa imetoka mashimoni, kilabu kimejaa. Mwanangu ana miaka minne, na alikuwa nyuma kwenye uwazi wa mapipa, anapanga vizibo vya chupa juu ya kanga yangu, vikubwa na vidogo, kama darasa. Mimi nilikuwa nachota. Nilisikia kelele zikibadilika. Anayefanya kazi kilabuni anaijua sauti hiyo, vicheko vinakatika upande mmoja tu. Nikaacha jagi nikatoka. Walikuwa wamekwisha kutokea mlango wa mashariki, wanazunguka nyuma, wanarushiana mawe kutoka kwenye mifuko ya mawe ya dhahabu iliyokuwa inasubiri kupelekwa kusagwa. Nilimwona aliyerusha. Ni mtu wa Juu, mteja wangu, asubuhi ileile alikuwa ameniamkia kwa kilugha, mwangaluka, na kuuliza habari za mtoto. Alikuwa anamlenga mtu wa Chini aliyejificha nyuma ya pipa. Jiwe likagonga ukingo wa pipa, likaruka.

Mwanangu hakulia kwanza. Aliweka mkono usoni, kisha akautazama mkono.

Sikumbuki kuliokota jiwe. Nilipofika zahanati lilikuwa ndani ya leso, na leso kiunoni.

Hapa ndipo kosa langu lilipo, na sitalipitia kwa mbali. Muuguzi alifungua daftari akaniuliza imekuwaje. Mume wangu alikuwa ameshafika, anahema, amesimama nyuma yangu. Alinigusa kiwiko kidogo tu. Nami nilijua maana yake kwa sababu nimeishi pale miaka mitano: chungu kinakuja, usiseme kabla ya chungu. Nikasema mtoto ameanguka, ameangukia kisiki. Muuguzi alinitazama kwa muda, akaandika. Nikatia sahihi. Mwandiko wangu ni mzuri, kila mtu anausifu.

Hakuna aliyeniwekea panga shingoni. Nilisema kwa sababu ndivyo tunavyosema. Ukilisoma daftari lile la zahanati utadhani kijiji kizima hakijui kutembea. Huyu ameanguka, yule ameteleza, huyu kaangukia jembe. Na muuguzi anaandika, maana naye anaishi humo humo.

Ijumaa jicho lilivimba likafunga. Jumatatu zahanati ikaandika tuende hospitali mjini Tabora. Mume wangu alisema zamu yake haiwezi kuachwa. Nilikwenda na mtoto peke yangu.

Daktari wa macho alikuwa kijana, mchovu, mwenye mikono ya taratibu. Alimtibu mtoto kwanza, akatoa vipande vya jiwe kwa ncha ya pamba, kimoja kimoja, akivipanga kwenye kisahani. Kisha akasoma karatasi ya zahanati akaniuliza kisiki gani kinatoa vipande hivi. Nikarudia kwamba ameanguka. Hata mimi sauti yangu niliisikia. Hakubishana nami. Alichuchumaa akamuuliza mtoto mwenyewe aliangukia wapi.

"Sikuanguka," mwanangu akasema. "Mama ndiye kasema."

Nimetukanwa sana kilabuni, nimeitwa majina ambayo sitayaandika. Sijawahi kusikia neno zito kama hilo, na alilisema bila hasira, kama mtu anayemsaidia daktari.

Daktari aliniambia mambo mawili. La kwanza, jicho lile halitaona tena vizuri; akikua, pengine atatofautisha mwanga na giza. Jicho la kulia nilichunge. Jambo jingine, kwa jeraha la kupigwa kunatakiwa fomu ya polisi ya matibabu, PF3. Alisema yeye ameshamtibu na ataendelea kumtibu, lakini bila fomu hiyo hapatakuwa na mahali popote palipoandikwa kwamba mtoto huyu alipigwa. Akaniandikia barua ya kupeleka polisi. Nililala wodini siku nne na barua chini ya mto, nikijiambia nitafika nyumbani kwanza nimwonyeshe baba yake.

Nikafika Jumamosi mchana, na kilabuni nikakuta chungu kimeshatolewa. Ni pipa langu, nililolitega kabla sijaondoka. Hawakuweza hata kupika la kwao.

Mwenyekiti amekaa katikati, kwenye nafasi yetu ya kupita na majagi. Msimamizi wa Juu kulia, msimamizi wa Chini kushoto, mume wangu pembeni yake ameshika kofia. Shangazi akanivuta kando akanieleza yaliyokubaliwa nikiwa wodini. Watu wa Juu wamekubali ile njia iliyotobolewa ichimbwe kwa zamu, wiki wao, wiki wa Chini. Miezi minane watu wanaumizana kwa njia hiyo na hakuna aliyekubali kitu, leo wamekubali. Kwa nini? Kwa sababu jambo la mtoto likifika polisi, ofisi ya madini itakuja, na maduara yote mawili yatafungwa. Jicho la mwanangu ndilo lililogawa zamu. Na fidia yake ni mfuko mmoja wa mawe. Nikamuuliza shangazi mawe gani. Akasema mawe ya Duara la Juu, mazuri, yatakuwa na kitu.

Hapo ndipo nilipoifungua leso mezani. Nilitaka waone ni mawe gani wanayotupa. Na msimamizi akalilamba.

Nilipowanyang'anya jiwe, mwenyekiti alisema nikae nisikilize, mambo yanakwenda vizuri. Kata ikajazwa. Aliyerusha jiwe akanywa nusu, akampa mume wangu. Nilimtazama mume wangu. Yeye alitazama kata. Akanywa, akaimaliza, akafuta mdomo kwa kofia.

Kwa kawaida mke hapewi. Mume akishakunywa, nyumba nzima imekunywa. Lakini mwenyekiti aliuona uso wangu, akaamuru kata ijazwe tena, akanipa kwa mikono miwili, kwa heshima, kama anavyompa mkwe wake.

"Kunywa, mama," akasema. "Baba wa mtoto ameshakunywa. Yaishe."

"Baba yake hakupigwa jiwe," nikasema.

Nikaimwaga. Sikuirusha, wala sikumwagia mtu, kama wanavyosimulia. Niliinamisha kata taratibu, juu ya sakafu, mbele ya miguu yake, mpaka tone la mwisho. Pombe yangu nzuri. Mwanangu mgongoni alisogea ili aone kwa jicho lake zima, na nikasikia pumzi yake shingoni.

Kisha mzee mmoja wa Chini akasema haijawahi kutokea tangu kisima kichimbwe. Msimamizi wa Juu akamwambia mume wangu amfunge kamba mkewe, na mume wangu akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka kila mtu ampende. Nimeishi naye miaka mitano. Kicheko hicho kilitosha.

Shangazi alinifuata nje. Alilia, na najua machozi yake yalikuwa ya kweli, kwa sababu kilabu ndicho kila kitu alicho nacho. Aliniambia nikienda polisi nitakuwa nimemvunjia kilabu, na kwamba jicho halitarudi hata nikiwafunga wote.

"Shangazi, wewe ulinifundisha kupika," nikamwambia. "Hukunifundisha kunyamaza. Hilo nilijifunza mwenyewe, na nimeacha."

Haikuwa adabu. Sijamwomba radhi na sijui kama nitamwomba.

Jumatatu asubuhi nilikuwa kituoni wilayani, nimemshika mtoto mkono. Kwenye dawati la jinsia na watoto palikuwa na askari wa kike, mtu mzima. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akampa mtoto biskuti kutoka kwenye droo. Aliniuliza namlalamikia nani. Nikaanza kuhesabu kwa vidole, nikaacha, maana kila niliyemfikiria alikuwa na mwenzake nyuma yake, na nyuma ya wote nilikuwepo mimi na sahihi yangu. Akasukuma karatasi mbele yangu akasema kama najua kuandika basi niandike, nianzie popote.

Niliandika kwa mwandiko wangu mzuri. Shuleni walitufundisha kumalizia barua kwa maneno ya unyenyekevu, hayo niliyaacha. Nakala ninayo, na imeandikwa hivi:

"Kwa Mkuu wa Kituo.

YAH: KUJERUHIWA KWA MTOTO WANGU JICHO LA KUSHOTO

Mimi ni mama mzazi wa mtoto wa kike wa miaka minne. Alhamisi ya wiki mbili zilizopita, alasiri, alipigwa jiwe nyuma ya kilabu cha pombe wakati watu wa Duara la Juu na Duara la Chini wakipigana. Aliyerusha nilimwona. Jina lake na majina ya waliokuwepo nimeyaandika karatasi ya pili. Mimi nilikuwepo, na jina langu limo.

Siku hiyo nilimwambia muuguzi wa zahanati kwamba mtoto ameanguka, nikatia sahihi. Nilisema uongo. Naomba maelezo yale yafutwe na haya yakae mahali pake. Kama kusema uongo ule ni kosa, niulizwe mimi, muuguzi asisumbuliwe.

Baba wa mtoto amekunywa pombe ya maridhiano. Mimi sikunywa. Mtoto hakunywa. Hakuna aliyemuuliza.

Naomba PF3. Naomba aliyerusha aitwe, na wasimamizi wa maduara yote mawili waitwe pamoja naye, na mwenyekiti aeleze kwa maandishi ni mara ngapi amemaliza kesi za majeruhi kwa chungu. Mimi nilivipika saba, kabla ya hiki cha sasa.

Naomba mtoto aulizwe mwenyewe. Anaweza kueleza. Alishamweleza daktari.

Naambatanisha barua ya daktari pamoja na jiwe. Upande wenye ncha una damu. Upande mpana umelambwa na watu watatu, nao wamo karatasi ya pili.

Jiwe lisioshwe."